Hotuba ya Matuta

Kila asubuhi, mama yake alipokuwa akifunga kitambaa kichwani tayari kwenda kazini Thika, Ndanu alikuwa kando ya bomba la ploti walimopanga akipiga mswaki na kukariri shairi kwa wakati mmoja. Kukariri kulikuwa kazi yake na starehe yake. Mpe ukurasa mzima jioni, na kesho yake atakurudishia wote bila kuacha hata nukta. Miaka miwili mfululizo alikuwa ametia fora katika tamasha za shule za muziki na mashairi. Mikono ilipaa ilipotakiwa kupaa, goti lilipigwa lilipotakiwa kupigwa, na machozi yalitoka palipoandikwa machozi.

Kwa hivyo, shule yao ya Witeithie ilipohitaji mwanafunzi wa kusema mbele ya wakubwa, hakuna aliyejisumbua kuuliza atakuwa nani. Ndanu wa Gredi ya Saba alikuwepo.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Mbele ya lango la shule ilipita barabara ya malori ya mawe, yanayotoka machimboni kwenda kwenye barabara kuu. Yalipita mbio ajabu, maana kila dereva alitaka kuongeza safari moja kabla ya jua kuchwa. Muhula huo wa kwanza, lori moja lilimgonga Becky, rafiki aliyeketi na Ndanu dawati moja tangu wakiwa wadogo. Mguu wa Becky ulivunjika sehemu mbili. Baba yake, Bwana Kahiga, akasema neno moja tu: matuta ya kupunguza mwendo yasipowekwa pale langoni, Becky hatarudi shule hiyo. Atampeleka kwa nyanya yake Othaya, akasome huko. Na Bwana Kahiga hakuwa mtu wa kusema leo na kubadilisha kesho.

Bahati nzuri, kamati ya barabara ilikuwa ikizunguka kusikiliza maoni ya wananchi. Jumanne ingekaa Ruiru, na Alhamisi ya wiki iliyofuata ingemalizia Thika. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na shule iliandikisha jina la Ndanu katika vikao vyote viwili.

Mwalimu Githae, ambaye ndiye aliyemnoa Ndanu kwa mashairi, aliandika hotuba kwa mkono wake. Ilikuwa tamu kuisikia. Walifanya mazoezi siku saba katika chumba cha walimu, mlango umefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. "Kidole juu! Hapo kwenye 'damu', piga goti! Tena kutoka mwanzo!" Ndanu alianza neno la kwanza akamaliza la mwisho, akaanza la kwanza tena. Siku ya saba Mwalimu alifumba macho kwa furaha, na mimi nisingemlaumu.

Kikao cha Ruiru kilikuwa katika ukumbi wa kanisa, upande wa Gatongora. Wanakamati watatu walikaa nyuma ya meza, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Jina la Ndanu liliposomwa, alisonga mbele, akakunja ngumi, akainua uso kuelekea dari.

"Ewe barabara! Ewe nyoka mweusi unayemeza wana wetu! Lini utashiba? Lini..."

"Samahani, binti, ngoja kidogo," mwenyekiti alisema. "Hizo lori hupita sana saa ngapi? Asubuhi ama jioni?"

Hakuna mtu aliyewahi kumkatiza Ndanu katikati ya shairi, kwa sababu waamuzi wa tamasha hawaulizi maswali. Alitafuta neno linalofuata "lini utashiba", akalikosa. Njia pekee aliyoijua ya kulipata ilikuwa kurudi mwanzo.

"Ewe barabara! Ewe nyoka mweusi..."

"Hapo nimeskia, binti. Nakuuliza saa."

"Ewe barabara!" Ndanu alianza mara ya tatu. Kidole kilikuwa juu chenyewe. Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, na wengine wakamfuata. Mwenyekiti aligonga meza akiomba heshima, lakini kengele ililia. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha, na Ndanu hakuwa amevuka mstari wa pili.

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hiyo, waliporudi Witeithie, alipita kwa kina Becky. Becky alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umefungwa plasta kutoka kwenye paja hadi kidole.

"Sasa, Ndanu."

"Poa."

"Ulienda? Uliwaambia nini?"

Ndanu alianza kuikariri hotuba. Alifika hadi kwenye damu. Becky alimtazama kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa.

"Aki hapana, siulizi hiyo. Nauliza uliwaambia nini juu yangu."

Ndanu aliipitia hotuba yote kichwani, mstari kwa mstari. Ilikuwa na nyoka, na damu, na mama anayelia machweo. Jina la Becky halikuwamo popote. Aliangalia sakafu.

Bwana Kahiga alitoka chumba cha ndani akasimama mlangoni. "Mimi sina maneno na wewe, Ndanu. Wewe ni mtoto tu. Lakini barabara ni ile ile. Wakimaliza kikao cha Thika kama hakuna kitu, Jumamosi sisi tunasafiri."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, maana habari za Ruiru zilifika shuleni. Watoto wa Gredi ya Tano walimwona kwenye foleni ya uji wakapaza sauti, "Ewe barabara!" Ndanu alimwendea Mwalimu Githae akamsihi atafute msemaji mwingine.

"Jina lako ndilo limeandikwa Thika, na wamefunga orodha," Mwalimu alimjibu. Uso wake ulikuwa umechoka. "Wewe uliogopa tu. Rudia mara hamsini. Iandike mara kumi. Itakaa."

Alitii. Aliiandika mara kumi katika daftari la hesabu hadi kidole kikaota sugu. Aliisema kimoyomoyo kanisani, akaisema akipanga viatu. Ajabu ni kwamba kadiri alivyoirudia ndivyo ilivyozidi kumponyoka. Jumapili mchana, akiwa peke yake nyuma ya nyumba, bila mtu wa kumkatiza, alikwama mstari wa sita. Alikaa chini kwenye jiwe la kufulia akashika tama. Alijua kwamba Alhamisi atasimama tena mbele ya watu na kuchekwa tena, na kwamba Jumamosi Becky ataondoka, na kosa litakuwa lake. Hakulia. Alikuwa amekata tamaa kiasi cha kutoweza hata kulia.

Mama yake, Kanini, alimkuta hapo alipotoka na beseni la sukuma wiki.

"Hebu niambie hiyo hotuba yako," alisema akianza kuchambua majani.

"Mama, sitaki."

"Niambie tu, mami. Mimi si kamati."

Ndanu alisimama. "Ewe barabara! Ewe nyoka mweusi..."

"Kwani lori iliyomgonga Becky ilikuwa imebeba mawe ama ilikuwa tupu?"

"Mama! Umenikatiza!"

"Ndiyo. Ilikuwa imebeba ama ilikuwa tupu?"

Ndanu alitumbua macho. "Sijui."

"Na huwa zinapita ngapi asubuhi?"

"Sijui."

"Haiya! Sasa ulikuwa unaenda kuambia watu nini?"

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Mama aliliweka beseni chini, akamvuta akae karibu naye, akamwacha alie mpaka akatosheka. Kanini alifanya kazi katika kiwanda cha maji ya matunda, na ndani ya kiwanda hicho alikuwa mmoja wa wale wanaovaa fulana ya rangi ya machungwa na kuwaongoza wenzao siku ya mazoezi ya kukimbia moto.

"Wacha nikwambie yetu," alisema. "Sisi tulikuwa tunajiona mashujaa wa mazoezi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa nne kamili, king'ora kinalia. Na tunajua kitalia! Kila mtu ameshachukua mkoba. Tunatoka mlango mkubwa tukicheka, dakika tatu, tunaweka sahihi, tunarudi. Halafu akaja afisa mpya. Huyo alipiga king'ora Jumanne, watu wako katikati ya kazi, na mlango mkubwa ameufunga. Ndanu, tulisimama pale watu mia moja na ishirini tukiangalia kufuli. Kuna milango mingine miwili upande wa nyuma, na mimi napita hapo kila siku nikienda kula. Hakuna aliyeikumbuka. Tulitoka baada ya dakika kumi na moja."

"Kulikuwa na moto?"

"Hakukuwa. Kungekuwa, leo ungekuwa unalelewa na shangazi yako." Mama alimfuta uso kwa upindo wa leso. "Yule afisa alituambia hatujui kutoka nje. Tunajua mlango mmoja. Na wewe, hiyo hotuba umeijua mlango mmoja. Mtu akikuwekea kitu hapo, umebaki ndani."

"Sasa nifanye nini? Imebaki siku nne."

"Kwanza hiyo karatasi, weka kando. Kesho uende uhesabu malori."

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ndanu alikuwa langoni na daftari. Mzee Oluoch, mlinzi wa shule, ambaye kila siku ndiye aliyewashika watoto wadogo mikono wakivuka, alimsogezea kibao cha kukalia.

"Nyathina, mwanangu, kaa ndani ya geti, usikae nje," alisema. "Mimi nitakuonyesha kitu. Unaona ile kona huko juu? Dereva akitoka hapo hajaona mtoto bado. Kutoka mahali anaona mtoto mpaka hapa ni hatua thelathini. Nimepima na miguu yangu. Na hii ni mteremko."

Hadi saa moja na nusu Ndanu alikuwa amehesabu malori ishirini na saba. Alasiri yalipita tisa. Jumanne asubuhi yalikuwa ishirini na tano. Alimuuliza Becky lori lile lilikuwa na nini, akaambiwa lilikuwa limejaa mawe, na ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Kwa mara ya kwanza, Becky alimsimulia siku ile yote, na Ndanu akagundua kwamba hakuwahi kumuuliza.

Usidhani kwamba mambo yalinyooka hapo. Jumatatu jioni, Mama alimsimamisha kwenye jiwe la kufulia mbele ya jirani yao Idah, msusi, aliyekuja na mtoto wake mchanga. Ndanu alifungua kinywa, na kabla hajatamka neno mkono wake wa kulia ukapaa wenyewe.

"Na huo mkono unaita nani?" Idah aliuliza, akacheka hadi mtoto akaamka na kulia.

"Endelea," Mama alisema, macho kwenye saa ya simu.

"Mtoto analia!"

"Hata Thika kutakuwa na mtoto analia. Endelea."

Sauti ilimtoka nyembamba, haikufika hata bombani. Jumanne Mama alifungua redio katikati ya maneno. Kisha akamwambia aanze na jambo la mwisho, kisha aseme yote kwa dakika moja, kisha Idah akamuuliza maswali bila mpango. Ndanu alisahau la kona, akachanganya asubuhi na alasiri, akarudi kwenye nyoka mara mbili. Jumatano, katika maswali matano, aliyajibu mawili.

"Ukiulizwa kitu hujui, sema hujui," Mama alimwambia. "Usirudi nyuma kutafuta mahali pa kujificha."

Alilala akiwa na hakika kwamba ataaibika. Alichokuwa nacho ni mambo manne tu ya kusema: Becky, malori, kona, matuta. Ukilinganisha na hotuba ya Mwalimu, yalionekana kama kitu cha kuombea radhi. Alimwambia hivyo Mwalimu Githae asubuhi ya Alhamisi wakielekea Thika. Mwalimu aliyasikiliza yote manne.

"Sema hayo," alisema.

Ukumbi wa Thika ulikuwa umejaa. Umeme ulipotea kabla ya saa tano, kipaza sauti kikafa, na watu wakaanza kulalamika. Mwenyekiti, yule yule mama mwenye miwani, alitangaza kwamba muda umekwenda na sasa kila msemaji atapata dakika moja.

Dakika moja! Jina la Ndanu liliitwa. Alipokuwa akienda mbele, mtu alisema, "Si ni yule wa ewe barabara?" na kicheko kikapita viti vya nyuma. Alihisi mkono wa kulia ukitaka kupaa, akaushika kwa wa kushoto.

"Naitwa Ndanu," alisema. "Rafiki yangu anaitwa Becky. Ana miaka kumi na tatu. Alivunjwa mguu na lori la mawe mbele ya lango la shule yetu, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi..."

"Sauti!" mtu alipiga kelele.

Ndanu alipaza sauti, akaendelea pale pale alipokuwa ameachia. "Lilikuwa limejaa mawe. Jumatatu niliyahesabu malori. Katika saa moja ya kuingia shule yalipita ishirini na saba."

"Hiyo shule haina mlinzi wa kuwavusha?" mwanakamati mmoja, mzee wa koti la kijivu, alimkatiza.

"Inaye, Mheshimiwa. Lakini kuna kona. Dereva anatuona akiwa amebakisha hatua thelathini, na ni mteremko. Mlinzi hawezi kusimamisha lori."

"Hayo matuta unataka yawe wapi?"

"Kabla ya kona, Mheshimiwa. Langoni peke yake yatakuwa yamechelewa."

"Na unajua yatagharimu kiasi gani?"

Ndanu alitafuta kichwani, akakuta hakuna kitu. Kwa nukta moja aliona kila kitu kikienda mrama, kama Ruiru.

"Hilo sijui," alisema. "Lakini Becky anaondoka Jumamosi, kwa sababu baba yake hana imani na hiyo barabara. Na sisi wengine tutavuka hapo kesho asubuhi."

Kengele ililia. Hakuna aliyepiga makofi. Wanakamati waliinamisha vichwa wakaandika, kisha wakamwita mtu mwingine. Ndanu alirudi kwenye kiti akiwa amevunjika moyo kabisa. Katika tamasha, asiyepigiwa makofi ameshindwa.

"Nimeharibu tena," alimnong'onezea Mwalimu.

"Ruiru uliona wakiandika?"

Ndanu alifikiri. Ruiru hakuna aliyeshika kalamu. Hata hivyo hakufarijika, maana Jumamosi ilifika bila tuta hata moja. Bwana Kahiga alilishika neno lake. Alimbeba Becky hadi garini, na Ndanu akabaki amesimama barabarani hadi gari lilipopotea. Wiki mbili nzima alikaa peke yake katika dawati la watu wawili, na kila lori lililopita lilimkumbusha.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, wafanyakazi walikuja na lami na mashine. Waliweka tuta moja kabla ya kona na jingine karibu na lango. Watoto walipiga kelele hadi masomo yakasimama. Mwalimu Githae aliwaruhusu watazame, kisha akawaita darasani na kusimama mbele yao kukiri kosa, jambo ambalo huwa si rahisi kwa mtu mzima.

"Nataka mnisikilize," alisema. "Ruiru, aliyeshindwa hakuwa Ndanu. Nilikuwa mimi. Nilimfundisha maneno, nikasahau kumfundisha jambo lenyewe. Nilimfungia chumbani pasipo mtu, halafu nikamtuma mbele ya watu. Mtu akitaka kujiandaa kusema, kwanza aende akaujue ukweli kwa macho yake. Halafu afanye mazoezi mbele ya watu, kwa sauti, na wamkatize, wamuulize, wamsumbue. Makosa yote ayafanye nyumbani, kwa watu wanaompenda. Mamake Ndanu alilijua hilo, mimi sikulijua. Sasa ninalijua."

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Bwana Kahiga alikuja kwanza peke yake. Alisimama kando ya barabara asubuhi mbili akitazama malori yakipunguza mwendo na kupanda tuta polepole, moja baada ya jingine. Siku ya tatu alikuja na Becky, ambaye alitembea kwa magongo mawili.

Ndanu alikuwa akimsubiri ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, pamoja na Mzee Oluoch. Wiki nzima alikuwa ameyapanga maneno ya kumkaribisha, na alikuwa ameyasema kwa sauti mbele ya Mama na Idah. Becky alimfikia, akafuta jasho, akatabasamu. Maneno yote yakapotea. Ndanu hakuyatafuta. Alimpokea mkoba wa vitabu, lori likasimama likiwangoja, nao wakavuka.